Mzee Taipu Yuko Hai

Babu kasimama juu ya kokoto, upepo unavuma wala haanguki. Ukishindwa kitendawili hiki usinipe mji, subiri tu. Mzee Taipu naye alishindwa, na kilikaribia kumfukia mzimamzima.

Mkasa ulianza kwa chai ya saa nane mchana. Mzee alikuwa anachovya mkate, mkewe anajipaka dawa magotini, na binti yao, msusi, amesimama mlangoni na kitana kichwani. Ndani ya chumba cha nyuma alikuwa amemwacha bibi harusi mtarajiwa, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka. Simu ya binti ikalia. Akaisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti.

“Ndugu mstaafu. Hujathibitisha kuwa uko hai. Mwisho ni leo, saa kumi jioni. Baada ya hapo utahesabiwa umefariki. Tunakutakia siku njema.”

“Hao nao wana adabu,” akasema mama. “Wanakuzika na kukutakia siku njema.”

Binti hakucheka. “Baba, si nilikuuliza mwezi uliopita? Ukaniambia, ‘Mwanangu, wewe unifundishe mimi kuchapa?’ Ukasema umeshamaliza.”

“Nilimaliza,” akasema Mzee Taipu. Kipande cha mkate kilikatika kikazama kwenye kikombe, naye akakitazama kinavyozama. “Mashine ndiyo haikumaliza.”

“Kwa hiyo ulishindwa.”

“Mimi? Mimi nimechapa barua za wakurugenzi wanne! Watu walikuwa wakipita nje ya ofisi wanasimama kusikiliza vidole vyangu.”

“Baba, ulishindwa.”

Mzee alichukua kijiko akaanza kuuvua mkate wake.

Pensheni yake ndiyo iliyolipia vile vyumba viwili, na ndiyo iliyonunua ile dawa ya magoti. Ususi wa binti ulilisha sufuria, basi. Mwaka uliotangulia hapakuwa na shida, maana hapakutakiwa neno la siri. Binti alijaza yote kwenye simu, baba akawa hai kabla maji ya chai hayajachemka. Mwaka huu wakubwa walileta mfumo mpya, na kila mstaafu alitakiwa atunge neno lake la siri.

“Nipe hilo neno la siri nikufanyie sasa hivi,” binti akasema.

“Neno la siri ni siri.”

“Hata kwangu?”

“Hata kwa mama yako.” Akanywa funda moja. “Hasa kwa mama yako.”

Mama akaacha kupaka goti. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na watu wa nyumbani walijua kwamba akinyamaza ndipo pa kuogopa. Alinyamaza akiwa na dawa kidoleni mpaka ikakauka.

Kutoka chumba cha nyuma bibi harusi akaita, “Dada, shingo inauma!”

“Nakuja, mpenzi! Mama, nenda naye kule kwenye duka la kompyuta. Usimwache peke yake.”

“Kwani mimi mlinzi?”

“Ukirudi mjane usiseme sikukuambia.”

*

Nje walimkuta Marehemu.

Huyu hakuwa maiti. Alikuwa tarishi katika ofisi ileile alimochapa Mzee Taipu. Mmoja alichapa, mwenzake alipeleka, na urafiki wao ulianzia kwenye bahasha. Mwaka uliopita mfumo ulimhesabu amekufa, pensheni ikakatika, akahama kwake akaenda kuishi kwa mwanawe. Tangu hapo jina lake halisi likapotea. Watoto wa mtaa walimwamkia, “Shikamoo, Marehemu,” naye aliitika, “Marahaba, wanangu,” maana heshima hairudishwi. Alitembea na faili la plastiki kwapani, ndani yake vielelezo vya uhai wake.

“Nimesikia,” akasema. “Mwenzangu, jambo hili usilichezee. Kufa si kazi. Kazi ni kufufuka.”

“Shemeji, usimtishe,” akasema mama, huku akitamani amtishe zaidi.

“Simtishi, namweleza. Nilikwenda pale dirishani kwa miguu yangu hii. Yule kijana akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama tena kompyuta, akaiamini kompyuta. Akaniambia, ‘Mzee, pole kwa msiba.’”

“Ukamjibu nini?”

“Nikamjibu, ‘Tumeshapoa.’ Ningesema nini? Alinipa pole kwa heshima zote. Kisha akataka mtu wa familia alete cheti changu cha kifo, wahakikishe kama kweli nilikufa. Mwanangu akaenda hospitali kukiomba. Hospitali wakamuuliza, maiti iko wapi? Akasema, iko nyumbani inaangalia mpira.”

Wakaondoka wote watatu. Pale barazani mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake anachambua mboga, na mama huyu hajapata kuinua macho bila sababu.

“Nasikia leo ndiyo mwisho wa kuhesabiwa, Mzee Taipu.”

“Nimeshahesabiwa zamani, mama.”

“Aa. Nilitaka kujua tu. Maana mimi roho yangu nzuri, lakini marehemu sijapata kumpangisha.”

Marehemu akakohoa. Mzee Taipu akavuta kofia yake mbele kidogo na kutembea kama mtu mwenye haraka ya mambo makubwa. Mkewe alimfuata nyuma, goti hili linalia na lile linaitika.

*

Duka la kompyuta lilikuwa chumba kimoja chenye joto la mashine ya kutolea kopi. Ukutani, nyuma ya kioo, kulibandikwa picha ndogondogo za watu waliopigwa wasirudi kuzichukua, na juu yao kibao: HATUKOPESHI. HATA WEWE. Kompyuta zilikuwa mbili. Kwenye moja alikaa bwana mmoja mnene mwenye chupa ya soda, anaangalia magari ya kuuzwa. Nyingine ilikuwa wazi. Mwenye zamu alikuwa msichana anayetafuna ubani, sikio moja limezibwa na muziki na sikio la pili la wateja.

“Karibuni. Kuprinti, kutoa kopi, picha?”

“Kuwa hai,” akasema Marehemu.

“Ooh, wastaafu! Kaeni pale. Tangu asubuhi nawahuisha tu.”

Mzee Taipu alikaa. Alivua saa akaiweka pembeni, akakunja mikono ya shati, akatoa leso na kuifuta ile kibodi kitufe kwa kitufe. Kisha akavunja vidole, kimoja kimoja, ikasikika chumba kizima.

“Mgongo wima,” akamwambia mkewe bila kugeuka, “macho mbele, vidole vinajua njia. Mchapaji anayetazama mikono yake ni kama dereva anayetazama magurudumu.”

Akaanza. Jamani, alichapa! Kibodi ilirukaruka mezani kama sufuria ya maharage.

“Taratibu, babu, hiyo si ngoma,” akasema msichana.

Akafika mwisho wa mstari, na mkono wake wa kushoto, kwa mazoea ya taipureta yenye kuvutwa, ukaruka kusukuma kile chuma cha kuanzisha mstari mpya. Kompyuta haina chuma hicho. Mkono ulikwenda mpaka kwenye soda ya bwana mnene, na soda ikaenda mpaka kwenye suruali yake.

“Mzee!”

“Samahani, bwana. Nilikuwa narudisha mashine.”

“Umeirudisha kwangu!”

Mama alimpa yule bwana kitambaa chake cha mkononi, na pole tatu. Waliporudi kutazama kioo, maandishi mekundu yalikuwa yanawasubiri: NAMBARI HII HAIPO.

“Haipo?” mama akashika kifua. “Tumechelewa? Ameshakufa?”

Msichana akainama, akasogeza pua karibu na kioo. “Babu, hapa mwanzo umeweka herufi L.”

“Nimeweka moja.”

“Hii ni L ndogo.”

“Mwanangu, L ndogo ndiyo moja. Mashine yetu haikuwa na kitufe cha moja. Ilianzia mbili. Ukitaka moja, unapiga L ndogo. Tarehe, mishahara, bajeti, ofisi nzima tuliihesabu kwa L, na hakuna mtu aliyelalamika.”

“Kwenye karatasi sawa, jicho halijali. Kompyuta inajali. Kwake hii ni herufi, si namba. Moja ni hii hapa, juu kushoto.”

Mzee alikitazama kile kitufe kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu wa baba yake ambaye hakujua kama yupo. Akafuta L, akapiga moja. Nambari ikakubaliwa.

Kwenye benchi, Marehemu, ambaye muda wote alikuwa anajipepea na faili lake, aliacha kujipepea. Alilifungua. Akatoa karatasi moja, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akairudisha polepole, akalifunga faili, akaliweka magotini na kulikunjia mikono.

*

Sasa lilikuja lile la siri. Kioo kiliandika masharti: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama maalum mojawapo kati ya hizi. Na hizi zenyewe zikapangwa hapo chini, zinamtazama mzee. Ya kwanza konokono aliyejiviringa. Ya pili dirisha la nondo. Ya tatu nyoka aliyechomwa mshale. Ya mwisho ndiye yule babu wetu juu ya kokoto, alama ya mshangao.

Konokono, nondo na nyoka mzee hakuwa na udugu nao. Babu alimjua tangu ujana.

“Neno la siri siangalii, babu,” akasema msichana, akageuza mgongo. “Juzi mteja alinisingizia. Andika, ukimaliza bonyeza pale palipoandikwa endelea.”

“Na wewe geuka, mama watoto.”

“Mimi?”

“Sheria.”

Mama aligeukia ukutani akaanza kutazamana na zile picha zilizotelekezwa. Mzee alivua kofia akaiweka kando ya kibodi iwe ukuta, akachapa. Neno halikuonekana. Kioo kiliweka vitone vyeusi tu, kama panya aliyepita juu ya unga. Akabonyeza.

ALAMA MAALUM HAIJAPATIKANA.

“Mashine hii ina macho?” akauliza. Akarudia, safari hii kwa nguvu, kidole cha mwisho kikagonga mpaka ubani ukamkaa vibaya msichana mdomoni.

ALAMA MAALUM HAIJAPATIKANA.

“Weka mshangao, babu!” msichana akasema na ukuta.

“Ndio nilioweka!”

“Basi haukushika. Weka tena.”

Akaweka tena. Haukushika. Safari hii maandishi yaliongezeka, na mama, ambaye shingo ilikuwa imeshageuka yenyewe, aliyasoma kwa sauti: “Umebakiwa na jaribio moja. Ukikosea, ombi lako litafungwa.”

Hata bwana mnene aliacha magari yake. Nje jua lilikuwa limeshavuka paa la duka la jirani. Mzee Taipu alijifuta shingo, akalichapa neno lake mara ya mwisho, akaufikisha mkono kwenye kitufe cha kuendelea, na mkono ukakataa kushuka.

“Basi,” akasema, akaanza kukunjua mikono ya shati. “Twende nyumbani. Nitakufa kwa heshima.”

“Heshima ipi?” akasema Marehemu kutoka benchini. “Mimi nalala kwenye kochi la mwanangu. Kochi fupi. Kichwa kikikaa, miguu inaning’inia. Miguu ikikaa, kichwa kinaning’inia. Wajukuu wakiamka kuangalia katuni wananikalia. Hiyo heshima ukifika utaniambia iko upande gani.”

“Baba watoto,” akasema mama. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilimshtua mzee kuliko kama angepiga kelele. “Mwezi mzima umelificha jambo hili peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chako kimebakiza nusu saa. Niambie tu unafanya nini pale mwisho.”

“Pale mwisho wapi?”

“Pale unapomaliza. Niligeukia ukuta, lakini kile kioo cha picha kinaonyesha bega lako. Unakwenda vizuri, taratibu, taratibu, halafu mwishoni bega la kulia linaruka, linarudi, linaruka. Kila mara. Mapishi gani hayo?”

Mzee aliona hapo hamna siri, ni ufundi tu, na ufundi alipenda kuuelezea. “Ah, huo ndio mshangao. Mashine yetu haikuwa nao pia. Mjinga asingeuweza. Unapiga kile kijiti kidogo cha juu. Unarudi nyuma hatua moja. Unapiga nukta. Kijiti kinakaa juu ya nukta, mshangao huo, safi.”

Msichana alitoa ule muziki sikioni. “Unarudi nyuma kwa kitufe gani, babu?”

“Hiki hapa chenye mshale.”

“Babu! Hicho hakirudi nyuma. Hicho kinakula!”

“Kinakula nini?”

“Kinakula ulichoandika! Unapiga kijiti, unakila mwenyewe, halafu unaweka nukta. Nukta haimo kwenye zile alama. Hebu ona!” Na kwa wema wake, kabla mzee hajainua kofia, alinyoosha mkono akagusa kijicho kidogo kilichochorwa pembeni ya vile vitone. Vitone vikafumbuka, neno likasimama peupe, kubwa, mbele ya watu wote:

Chiriku2.

*

Mama alisoma na kidole kwenye kioo. “Chi. Ri. Ku.” Akageuka. “Chiriku ni nani?”

“Ndege,” akasema mzee.

“Ndege gani anafichwa kwa kofia?”

“Yule mdogo. Anayeimba.”

“Anayeimba, au asiyenyamaza?”

Bwana mnene alitoa mrija mdomoni. Marehemu alikuwa anaangalia dari kwa makini kama fundi aliyekuja kuipima.

“Shemeji,” mama akamwita. “Wewe unamjua chiriku huyu?”

“Mimi ni marehemu, shemeji. Sisi hatusemi.”

“Sema!”

“Basi... zile siku ulizokuwa ukileta chakula ofisini. Wewe ulikuwa bado uko getini, sauti yako imeshapanda ngazi. Mwenzangu hapa alikuwa anaacha kuchapa, anafunga shati vizuri, anasema, ‘Chiriku wangu huyo.’ Basi na sisi tukawa tunasema, ‘Chiriku huyo.’ Kwa mapenzi, shemeji.”

“Sisi nani?”

“Ofisi.”

“Ofisi nzima?”

“Na mkurugenzi.”

Mama alikaa kwenye benchi. “Mkurugenzi! Ndiyo maana siku ile alinisalimia kwa mluzi!” Kisha jambo jingine likamjia, akasimama tena, magoti yakiwa yamesahau kuuma. “Na hiyo mbili? Chiriku wa kwanza ni nani?”

“Mama watoto...”

“Kama kuna wa pili kuna wa kwanza. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua kuhesabu. Nani wa kwanza?”

“Ndege mwenyewe!” mzee akapiga kelele. “Wa kwanza ni ndege mwenyewe! Mashine ilitaka tarakimu! Nikawaza, Mungu aliumba chiriku mmoja, halafu akaumba wewe!”

Mama aligeukia kioo akalisoma tena lile neno.

“Kwa hiyo,” akasema mama polepole, “ulikuwa tayari tutolewe vyombo nje, nisijue unaniita chiriku.”

“Nilikuwa tayari kufa. Maneno yako nayajua.”

“Na huko kaburini ungeyasikia vilevile.” Alijitahidi kukaza uso. Ulikaza juu, ukaachia chini. “Miaka yote hii, kumbe mimi ni wa pili kwa ndege.”

“Wa kwanza kwa watu,” akasema mzee, akiwa anaitazama kibodi.

“Jamani,” akasema msichana, “mapenzi ni mazuri lakini saa kumi inagonga. Babu, futa hiyo nukta. Kile kitufe kiache kiile sasa, ndiyo kazi yake. Haya. Mshangao unakaa juu ya moja. Ile moja ya kweli. Shikilia hiki cha herufi kubwa, usikiachie, halafu gusa moja.”

Mzee alishikilia. Lakini kile kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kinatetemeka kama mguu wa ndama; kila akikaribia kugusa moja, kinateleza. Akajaribu tena. Kikateleza tena.

“Sogea,” akasema mama. Alikishusha kidole gumba chake juu ya kile kitufe, gumba lile la kukandia unga, akakikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe. “Mimi nimeshika. Wewe piga.”

Mzee akapiga, na babu akasimama juu ya kokoto.

Chiriku2!

Walibonyeza. Kioo kiliwaza, kikazungusha kiduara chake, kikawaza tena. Kisha kikawaka kijani, na juu yake likaja jicho la kamera: TAZAMA HAPA. TABASAMU.

“Tabasamu, babu, inataka kuona kama uko hai.”

Mzee alijaribu. Yaliyotokea usoni pake yangemzika mara moja.

“Chiriku wa pili,” Marehemu akanong’ona, na mama akalipuka kicheko, kile chake cha kupanda ngazi, mpaka wapita njia wakachungulia. Mzee akashindwa kujizuia. Kamera ikamnasa mdomo wazi, mapengo yote yanahesabika.

ASANTE. UMETHIBITISHWA KUWA HAI.

Bwana mnene alipiga makofi, suruali yake ikiwa bado imelowa.

Marehemu akainuka, akampa rafiki yake mkono, akautikisa. “Hongera, mwenzangu. Uko hai kabisa?”

“Kabisa.”

“Hakuna shaka?”

“Mfumo wenyewe umesema.”

“Vizuri. Maana nilikuwa nasubiri uwe hai, ndipo nikuue.” Akafungua faili, akatoa ile karatasi, akaipiga juu ya meza. “Fomu yangu ya mwaka jana! Nani aliyenichapia kwenye kompyuta? Nani aliyesema, ‘Usihangaike, tarishi wangu, wewe peleka tu, kuchapa niachie mimi’? Tazama nambari yangu! Moja ya hapa, na moja ya hapa!”

Msichana aliinama juu ya karatasi. “L,” akasema. Kidole kikasogea. “Na L.”

Mzee Taipu alitazama karatasi, akamtazama rafiki yake, akavaa kofia. Halafu akaivua, maana mbele ya marehemu kofia huvuliwa.

*

Kesho yake asubuhi walikwenda ofisini, na mama akafuata kumlinda mumewe asipigwe. Yule kijana wa dirishani aliwaamkia.

“Mzee, umekuja tena. Na huyu ni nani?”

“Ndiye aliyeniua,” akasema Marehemu. “Nimekuletea.”

Ilichukua muda kueleza. Kijana aliingia ndani, akarudi na mkubwa wake, mkubwa akaitazama karatasi kwa miwani na bila miwani. Kisha wakaipiga ile nambari na moja zake za kweli, na kwenye kioo likatokea jina ambalo mtaa mzima ulikuwa umelisahau. Mwenye jina alilisoma, akalisoma tena, akaomba ruhusa ya kukaa.

“Tunahitaji maelezo ya aliyefanya kosa,” mkubwa akasema. “Yachapwe, yatiwe sahihi. Mnaweza kutumia kompyuta ile pale.”

Mzee Taipu alikaa. Mgongo wima. Safari hii alitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayewafundisha watoto kuvuka barabara. *Mimi, karani mchapaji mstaafu, nilimuua rafiki yangu bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi. Hakufa. Yuko hapa na ananidai kochi refu.* Akafika mwisho, akageuka kidogo. Mama alikuwa ameshasogea. Gumba lake lilishuka mahali pake, mzee akapiga.

Kijana alisoma karatasi ikiwa bado ya moto. Akakunja uso. “Mzee, haya ni maelezo rasmi. Hapa mwisho inawekwa nukta. Huu mshangao tuutoe.”

“Usiuguse, mwanangu,” akasema Chiriku. “Uache hapohapo. Hujui tulikoutoa.”